Dakika Arobaini za Kulaza Dawa

Siku mahakama ilipofunga chumba cha mashine namba mbili, tuliambiwa tuendelee kuja kazini. Tukaja. Saa moja na nusu asubuhi tulitia sahihi kwenye daftari la mahudhurio, tukavaa makoti meupe, kofia za nywele na vifuniko vya viatu, tukaketi kwenye benchi la korido mbele ya mlango uliofungwa, tukautazama. Ulikuwa na utepe wa karatasi na lakiri nyekundu mbili. Saa kumi tulivua vifuniko vya viatu, tukatia sahihi tena, tukarudi nyumbani. Vifuniko vilikuwa safi kabisa, lakini kanuni inasema ni vya kutupwa kila siku, kwa hiyo tulivitupa.

Ndivyo ulivyokwisha mwezi wa nane wa mwaka 2024 pale Labo Kazoza, kiwanda cha dawa kilichoko karitye, yaani mtaa, wa viwanda, hapa Bujumbura. Mimi naitwa Amandine. Kiwandani ni Mama Maxime, kwa sababu ya mwanangu, ambaye wakati huo alikuwa na miezi kumi na minne na meno sita. Kazi yangu ni kuchambua. Vidonge vinapita mbele yangu kwenye mkanda, kilichovunjika nakiondoa. Ni vidonge vya malaria vya watoto, vile vinavyoyeyuka kwenye kijiko cha maji.

Sisi wenye mikataba tulikuwa thelathini na sita, na angalau tulikuwa na benchi. Vibarua wa siku, watu ishirini na sita waliokuwa wakifunga makatoni, waliambiwa watapigiwa simu. Baadhi yao walikuwa wakija mpaka getini asubuhi kuonyesha kwamba simu zao zina chaji.

Jirani yangu Mama Joëlla, anayenilelea Maxime kule Kinama, hakuwa na huruma.

"We unalipwa kuangalia mulango?"

"Nalipwa nusu."

"Nusu ya kuangalia mulango! Mi ningekuwa pale ningenenepa mpaka koti ipasuke."

Sababu ya yote ilikuwa kampuni moja ya dawa ya Ulaya. Jina lake ni refu, nasi tulilifupisha tukawa tunasema Wale. Wale walikuwa na hataza, ile ambayo watu wa mjini huita brevet, yaani karatasi ya serikali inayosema wazo hili ni la fulani na mwingine asiliguse. Walisema vidonge vyetu tunavitengeneza kwa wazo lao. Wao wanauza vya kwao katika nchi jirani, sisi tunauza vyetu huko huko kwa bei ndogo zaidi, ndiyo maana walitukumbuka.

Wazo lenyewe nalijua vizuri. Nilikuwepo lilipozaliwa.

Unga wa dawa hulowanishwa, ukafanywa chenga, chenga zikakaushwa kwenye mashine yenye hewa moto, ndipo zikashindiliwa kuwa vidonge. Karatasi ya kazi iliyopitishwa na wakaguzi inasema: *kausha dakika themanini bila kukatiza*. Iliandikwa na mtu ambaye kwao umeme haukatiki. Kwetu, siku moja ya mvua mwaka 2019, ulikatika katikati. Jenereta haikuwa na mafuta ya mazutu. Muzee Gaspard, mkuu wa mashine namba mbili, ile ya kukaushia, alizifunika chenga kwa shuka safi, akaketi kando yake kama mtu anayemlinda mgonjwa. Umeme ulirudi baada ya dakika arobaini. Akamalizia kukausha. Siku iliyofuata nilikaa kwenye mkanda wangu saa nzima bila kuona kidonge kilichovunjika, nikadhani macho yangu yameharibika.

Tangu hapo umeme ukikatika tulishukuru. Usipokatika, muzee Gaspard alizima mashine mwenyewe, dakika arobaini kwa saa ya ukutani, kisha akaiwasha tena. Tuliita kulaza. "Dawa imelala?" "Imelala." "Basi semeni polepole." Hiyo ilikuwa mizaha yetu, hatukuwa na mingine.

Hataza ya Wale ilisema: kukausha mara mbili, na katikati kupumzisha dakika thelathini na tano hadi arobaini na tano. Waliiombea tarehe 14 mwezi wa tatu mwaka 2023. Walivyofika kwenye wazo hilo sijui. Labda na kwao umeme ulianza kukatika.

*

Mwanzoni mwa mwezi wa tisa mwenye kiwanda alituita sote kwenye chumba cha kulia. Bwana Jaffar ni wa familia ya wafanyabiashara wa siku nyingi hapa mjini. Babu yake aliuza vitambaa, baba yake aliuza dawa, yeye akaamua kuzitengeneza. Ni mtu wa haki. Anakupa chako chote, na adhabu pia anakupa yote.

Alikuja na wakili, Maître Sébastien, kijana mwembamba aliyebeba mafaili mengi kuliko mikono yake.

"Jamaa zangu," Bwana Jaffar alisema, "mahakama imetupa mpaka tarehe thelathini. Tusipoleta kitu, mashine namba mbili inabaki imefungwa, nami siwezi kulipa watu wa mashine iliyofungwa. Wallahi siwezi. Msikilizeni Maître."

Maître Sébastien alieleza kwamba hataza hutolewa kwa kitu kipya. Tukionyesha kwamba kabla ya ile tarehe 14 jambo hilo lilikuwa limeshafanywa hapa, tunapata pa kusimama. Muzee Gaspard akanyoosha mkono.

"Sisi tunalaza tangu mwaka 2019."

Uso wa wakili uling'aa. Akatafuta faili, akatoa karatasi za kazi za miaka minne, zile ambazo kila zamu ya kukausha hujazwa na kutiwa sahihi.

"Muzee, hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

"Hapa umeandika: dakika themanini, bila kukatiza."

"Ndiyo."

"Na siku hiyo ulikatiza?"

"Kila siku nakatiza."

"Sasa kwa nini hukuandika?"

Muzee Gaspard alimwangalia kama mtu anayeulizwa kwa nini hatembei uchi. "Kuandika ni kosa, Maître. Mukaguzi akiona nimetoka ndani ya karatasi, anafunga."

"Kwa hiyo zote zinasema bila kukatiza."

"Zote. Hakuna hata moja iko na makosa."

Wakili alizirudisha karatasi kwenye faili taratibu, kama mtu anayemfunika maiti. Kisha akasema iko njia nyingine. Kama mtu yeyote alilieleza jambo hili hadharani kabla ya ile tarehe, mbele ya watu wa nje wasio na kiapo cha siri, na kuna ushahidi, basi halikuwa jipya tena, na hataza inaanguka. "Kuna aliyewahi kusema nje?"

Bwana Jaffar alimkatiza. "Wafanyakazi wangu hawasemi ovyo. Kila mkataba una kifungu cha tisa. Anayetoa siri ya kazi nje anafukuzwa siku hiyo hiyo."

"Naelewa," alisema wakili. "Lakini kama yuko..."

"Hayuko."

Na watu wakaanza kuthibitisha, mmoja mmoja, kwa fahari. Olga wa mizani alisema hata mume wake hajui anafanya kazi gani, anadhani ni mikate. Mwingine akasema ameulizwa na shemeji yake mara nyingi akajifanya bubu. Muzee Gaspard alisema padri alimwuliza, apana, hakusema. Kila aliyeapa, Maître Sébastien alizidi kuinama. Sijaona mtu akihuzunishwa hivyo na uaminifu.

Mimi nilikuwa naangalia vifuniko vya viatu vyangu. Nilikuwa nimesema. Nilisema kwa sauti, nimesimama, mbele ya watu kumi na wanne, nikapewa alama.

*

Mwaka ule nilikuwa nasoma masomo ya jioni mtaa wa Mutakura, siku tatu kwa wiki, nikitafuta cheti cha maabara. Cheti hicho ndicho kinachomtoa mtu kwenye mkanda na kumpeleka kwenye chumba chenye kiti cha mgongo. Mwalimu wetu Népomuscène alimtaka kila mwanafunzi asimame aeleze jambo moja la kikazi analolijua mwenyewe, si la kunakili kitabuni. Nilikuwa na mimba ya miezi minne na nilijua jambo moja tu la namna hiyo.

Basi tarehe 9 mwezi wa pili mwaka 2023 nilieleza kulaza. Nilieleza kwa muhogo, ili waelewe. Ukiuanika juani mfululizo, nje unafanya ngozi ngumu na ndani unabaki na maji. Ukiutia kivulini kidogo katikati, maji ya ndani yanapata nafasi ya kutoka nje, kisha unaurudisha juani. Nikachora mashine, nikaandika dakika. Kifungu cha tisa hakikunijia akilini hata kidogo. Nilidhani siri ni kitu kilicho ndani ya kabati.

Daftari lilikuwa kwenye sanduku letu la karatasi za maana, pamoja na kadi ya chanjo na cheti cha ubatizo. Jioni ya mkutano nililitoa. Maxime aliwahi kulipata kabla yangu, mwezi wa sita, wakati meno ya juu yanamtoka, na kona ya ukurasa wenyewe alikuwa ameila. Tarehe ilikuwa juu, kwenye kona hiyo. Ilibaki "9 Fev. 20", na baada ya hapo alama za meno. Chini mwalimu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: *12/20. Vizuri. Lakini hukueleza kwa nini.* Kisha sahihi na tarehe tena. Hiyo ya chini mtoto hakuwa ameifikia.

Nilimweka Maxime mapajani, nikamwonyesha. Alifungua kinywa. Nikaliweka daftari juu ya kabati.

Nilifikiri hivi: nikinyamaza, tarehe thelathini tunafukuzwa sote. Nikisema, nafukuzwa mimi. Kwa hesabu ni jambo rahisi. Lakini ukiwa na mtoto mapajani, anayevuta kitufe cha blauzi yako kwa imani kwamba maziwa hayana uhusiano na mahakama, hesabu haikai vizuri. Baba Maxime yuko Rumonge kwenye ujenzi, anarudi Jumamosi mbili kwa mwezi. Nilimpigia. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na ulipata ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Si mbaya," alisema, na salio likaisha.

Asubuhi, kwenye benchi, nilimwambia muzee Gaspard kwa sauti ndogo. Jina lake lilikuwa ndani ya daftari, na karatasi alizozitia sahihi zilisema kinyume. Amebakiza miaka miwili astaafu. Sikutaka asikie mahakamani.

Alizitazama lakiri mbili za mlangoni.

"Jina yangu umeiandika mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Umeandika nini? Gaspard tu?"

"Niliandika *Bwana Gaspard, fundi mtaalamu wa kukausha*."

Alilichukua neno hilo akalizungusha kinywani. "Mutaalamu."

"Ndiyo, muzee."

"Na mwalimu hakufuta?"

"Hakufuta."

"Peleka kaye yako, ile daftari," alisema. "Leo. Usingoje kesho, ule mutoto wako atamaliza kula."

*

Ofisi ya Maître Sébastien iko mjini, ghorofa ya pili, juu ya duka la simu. Alisoma ukurasa wangu amesimama, akausoma tena ameketi.

"Madame, hii ilisomwa mbele ya watu?"

"Ndiyo."

"Wangapi?"

"Kumi na wanne. Loïc alikuwa amelala."

"Aliyelala pia ni hadhara. Mlango ulikuwa wazi?"

"Ulikuwa hauna kitasa."

Aliandika: *mlango hauna kitasa*. Nilianza kumpenda. "Kuna aliyekuwa ameapa kutunza siri?"

"Apana. Jovithe anauza unga wa muhogo kule Carama, mwingine ni fundi wa redio. Hakuna aliyejali, Maître. Waliniuliza swali moja tu, kama kazini tunapewa dawa za bure."

"Na hii kona?"

"Imeliwa na Maxime."

"Maxime ni nani?"

"Ni mwanangu."

Aliandika hilo pia, kisha akaweka kalamu chini. "Kwa Wale, hii ni mwisho wa hataza, au karibu. Kwako wewe, unajua kifungu cha tisa?"

"Nakijua sasa."

"Mimi ni wakili wa Bwana Jaffar, si wako. Siwezi kumficha."

"Sikuja umfiche. Nilikuja ufungue mlango."

Hilo nilikuwa nimelifanyia mazoezi njiani kutoka kiwandani, tena kwa sauti, mpaka mwanamke mmoja mwenye beseni la nyanya akanipisha njia.

Bwana Jaffar aliitwa, akaja. Alisoma, akauliza kama mimi ndiye Mama Maxime anayechambua, nikasema ndiyo. Akavua miwani.

"Umetoa siri yangu nje."

"Ndiyo, Patroni."

"Kwa watu kumi na wanne."

"Kumi na watatu, mmoja alikuwa amelala."

"Maître anasema aliyelala anahesabiwa." Akavaa tena miwani. "Alhamdulillahi," akasema. Kisha: "Lakini kifungu cha tisa kipo, Mama Maxime. Nisikudanganye. Kwanza mahakama, halafu mimi na wewe."

Tangu siku hiyo nilikuwa mtu muhimu kiwandani na pia mtu wa kufukuzwa. Kwenye benchi waliniachia nafasi pana pande zote mbili, sijui kwa sababu ipi kati ya hizo.

*

Mahakamani nilikwenda na Maxime. Mama Joëlla alikuwa na msiba, na mtoto wa miezi kumi na minne huwezi kumwambia siku imebadilishwa. Alilala mgongoni. Hakimu aliuliza kama ni shahidi. Maître Sébastien akasema ni sehemu ya hali ya kielelezo.

Wakili wa Wale alikuwa na miwani miwili, mmoja machoni na mwingine juu ya kichwa, na alibadilisha kila alipogusa daftari langu. Hakubisha tarehe. Mwalimu Népomuscène alikuwa ameleta kitabu cha darasa, kila alama na siku yake, kwa wino usiofutika. Wakili akashika njia nyingine.

"Mheshimiwa, ili jambo lihesabiwe kuwa lilitangazwa, lazima lielezwe vya kutosha, mtu aliyesikia aweze kulifanya. Huyu mama alipata kumi na mbili kwa ishirini. Maana yake nane zilikosekana. Sisi tunasema siri ya hataza yetu iko ndani ya hizo nane."

Nilikaza mbeleko. Nimefanya mitihani mingi, lakini sijawahi kuona alama zangu zikibeba mishahara ya watu sitini na wawili.

Hakimu akamwita mwalimu. Mwalimu Népo ni mfupi, huvaa tai hata Jumamosi, na anaongea na kila mtu kana kwamba amechelewa.

"Hizo nane ulizikata kwa nini?"

"Mbili kwa mwandiko, Mheshimiwa. Mbili kwa kuchelewa. Alikuwa na mimba na alitoka Kinama kwa miguu, najua. Lakini saa ni saa. Nne kwa sababu hakueleza kwa nini inakuwa hivyo. Alieleza muhogo. Muhogo ni mfano, si sababu."

"Je, namna ya kufanya aliieleza?"

"Yote. Dakika, shuka, mashine. Angekosa hiyo ningempa tano."

"Na alama ya kupita kwako ni ngapi?"

"Kumi."

Hakimu alimgeukia wakili wa Wale. "Hataza yenu inaeleza kwa nini?"

Miwani ilibadilishwa. Karatasi zilifunuliwa, za kwanza, za katikati, za mwisho. Maxime aliamka, akaangalia, akalala tena.

"Inaeleza namna ya kufanya, Mheshimiwa. Sababu haielezi."

"Na wao nawakata nne," alisema mwalimu Népo, ambaye hakuna aliyemwuliza. "Mwandiko wao ni wa mashine, na kuchelewa..." Aliangalia tarehe mbili, yangu na yao. "Kuchelewa wamechelewa mwezi mzima. Nao ni kumi na nne."

Hakimu alimwomba akae.

Aliyemaliza kazi ni Jovithe wa Carama. Aliulizwa kama alielewa maelezo yangu siku ile. Akasema alielewa sana, na tangu wiki ile muhogo wake anautia kivulini saa sita mchana, hauoti ukungu tena, wateja wameongezeka. Aliulizwa kama amewahi kulipa mtu kwa ajili ya wazo hilo. Akaniangalia kwa wasiwasi, akauliza, "Kumbe nilipaswa kumulipa Mama Maxime?" Maître Sébastien akasema hana maswali mengine. Nilimwona akiuma kalamu ili asitabasamu.

*

Tarehe 26 mlango ulifunguliwa. Kesi ya hataza yenyewe inaendelea huko nchi jirani Wale wanakouzia, Maître anasema miaka mitatu, labda minne, lakini kufungiwa kuliondolewa. Afisa wa mahakama alikuja na kisu kidogo, akakata utepe, lakiri ikavunjika vipande sakafuni, akaomba ufagio. Muzee Gaspard aliingia wa kwanza. Aliigusa mashine yake, akasema ina vumbi. Akatafuta kitambaa.

Vibarua walipigiwa simu. Ishirini na wawili walikuja siku hiyo hiyo, wengine wakikimbia. Wanne hawakupatikana. Mmoja, Abdu, tulisikia amevuka kutafuta kazi Tanzania wiki mbili nyuma. Simu yake iliita na kuita. Olga alijaribu tena kila asubuhi kwa wiki nzima, kisha akaacha.

Mimi niliitwa ofisini mchana. Juu ya meza kulikuwa na barua mbili, zote na jina langu, zote na muhuri.

"Anza na hii," alisema Bwana Jaffar.

Ya kwanza ilisema kwamba kwa kutoa siri ya kazi nje, kinyume cha kifungu cha tisa, mfanyakazi anastahili kufukuzwa; kwamba kwa kuzingatia mazingira, adhabu imepunguzwa kuwa kusimamishwa kazi siku nane bila malipo.

"Nikikuacha hivi hivi," alisema, "kesho kila mtu atapeleka kiwanda changu shuleni."

"Naelewa, Patroni."

"Sasa hii."

Ya pili ilinishukuru kwa huduma ya kipekee kwa kampuni, kwa kutoa habari za kazi nje kwa wakati unaofaa. Ilisema nikirudi nitaanza majaribio kwenye maabara, miezi sita. Nilizisoma zote mbili mara mbili. Zilikuwa na tarehe moja na sahihi moja.

"Nitie sahihi wapi?"

"Zote mbili. Hapo chini."

Nikatia. Kisha nikatoka nje ya geti, nikakaa juu ya jiwe karibu na mama wa maandazi, nikalia kidogo, maana sikuwa nimelia tangu mwezi wa nane na nafasi ilikuwa imepatikana. Mama wa maandazi akauliza kama nimefukuzwa.

"Siku nane."

"Ah," alisema. "Hizo zinaisha."

Siku nane zile nilikaa na Maxime kutwa nzima kwa mara ya kwanza tangu likizo ya uzazi. Siku ya tano aliachia mguu wa meza, akatembea hatua tatu kuelekea kabati ambalo juu yake liliwekwa daftari. Mama Joëlla alisema mtoto ana kumbukumbu.

Niliporudi, muzee Gaspard alikuwa ananingoja na fomu. Karatasi ya kazi ilikuwa inabadilishwa, mara hii iseme ukweli, ipelekwe kwa wakaguzi ipitishwe. Bwana Jaffar alitaka niiandike mimi, kwa kuwa niliwahi kuiandika. Nikaandika kukausha, kulaza dakika arobaini, kukausha tena. Mwishoni palikuwa na nafasi moja tupu: *Sababu ya mabadiliko*.

"Andika umeme ulikatika," alisema muzee Gaspard.

"Hiyo ni historia, muzee. Wanataka kwa nini vidonge havivunjiki."

"Kwa sababu imelala."

"Muzee."

"Basi andika *mutaalamu anajua*."

Niliiacha wazi kwa penseli, nikaomba wiki mbili. Jumatatu, baada ya kazi, nilipita Mutakura. Mwalimu Népo alikuwa anaandikisha watu wa mwaka wa pili, amekaa nyuma ya meza mlangoni. Mlango ulikuwa umewekwa kitasa.

"Amandine," alisema bila kuinua kichwa. "Unataka nini?"

"Nimekuja kuchukua zile nne, mwalimu."

Aliandika jina langu kwenye orodha, polepole, kwa wino usiofutika.

"Alhamisi, saa kumi na moja kamili," alisema. "Mtoto unaweza kuja naye. Lakini saa ni saa."